Kwa Nini Tope la Gazi ni Jeusi

Ukitaka kuitembea ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, uliza kwanza maji yanapwa saa ngapi. Siku za bamvua bahari hushuka kiasi cha mita tatu, na baada ya saa sita hivi palipopita ngalawa pamekuwa pa kutembea kwa miguu. Vaa viatu vya kufunga kwa kamba. Upande wa rasi ya Chale mwamba unachoma, na upande wa mikokoni kandambili hubaki topeni.

Mwamba ule ni matumbawe ya kale yaliyoota zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni chokaa, na mvua pamoja na maji ya chumvi huuyeyusha kidogo kidogo, ndiyo maana una meno. Tope nalo limeletwa kwa sehemu kubwa na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kuzama upesi, lakini zikikutana na chumvi hugandana, zikawa nzito, zikatua. Hutua pale tu maji yalipotulia. Gazi imekingwa na rasi ya Chale na miamba ya nje, kwa hiyo mawimbi hufika ndani yakiwa yamechoka.

Sasa inama uchimbe kwa mkono. Juu utakuta utando wa kahawia, wa milimita chache tu. Chini yake tope ni jeusi kabisa na linanuka kama yai viza. Wengi husema ni uchafu. Mimi nasema ni jibu la swali moja: oksijeni inafikaje humo?

Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la pwani yetu ina kama sita. Tena oksijeni hupenya ndani ya maji yaliyotulia polepole mara elfu kumi kuliko inavyopenya hewani. Katika mchanga mkavu nafasi kati ya chembe zimejaa hewa. Katika tope zimejaa maji. Na juu ya tope kuna majani yaliyoanguka, pamoja na bakteria wanaoyala na kuimaliza oksijeni mara inapoingia. Ile kidogo inayopenya, basi, huisha kabla ya kufika kina cha kidole.

Hapo ungetarajia uhai ukome. Haukomi. Maji ya bahari yana salfeti, kama gramu 2.7 katika kila lita, na wapo bakteria wanaoitumia salfeti pale ambapo sisi tungetumia oksijeni. Wakimaliza, hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye ile harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo katika mfinyanzi, hutokea salfaidi ya chuma, na hiyo ni nyeusi. Kama huamini, tazama tundu la kaa. Ukuta wake ni wa kahawia hata chini, kwa sababu kaa amefungua njia na oksijeni imeingia naye.

Lakini mzizi wa mti lazima upumue. Mchu, mmojawapo wa miti ya mikokoni, umelitatua jambo hili kwa kuinua mizizi myembamba wima juu ya tope, mamia kwa mamia kuuzunguka mti mmoja. Mkoko umesimama juu ya miguu yake mirefu iliyopinda. Mizizi ya aina zote mbili ina vitundu vinavyopitisha hewa na kuzuia maji. Mwaka 1955 mtafiti Per Scholander na wenzake, wakichunguza mikoko, waliviziba vitundu hivyo kwa grisi; oksijeni ndani ya mizizi iliyo chini ya tope ikashuka.

Kuna jingine ambalo mimi huliona zuri kupita yote. Maji yakijaa na kufunika vitundu, mzizi huendelea kuitumia oksijeni iliyomo, na hewa ya ukaa inayotokea huyeyuka majini. Gesi ndani ya mzizi inapungua, kanieneo nayo inashuka. Maji yakipwa, vitundu vikafunuka, hewa mpya hufyonzwa ndani kwa nguvu ya upungufu huo. Bahari inausaidia mti kuvuta pumzi, mara mbili kwa siku.

Bakteria wasio na oksijeni hupata nguvu kidogo kwa kila jani wanalokula, na sehemu ngumu za mizizi huwashinda. Kwa hiyo kaboni inabaki, tabaka juu ya tabaka. Likifukuliwa tope hilo na kukaushwa, kwa mfano ili kutengeneza mabwawa ya chumvi, oksijeni huingia: kaboni hutoka kama hewa ya ukaa, na salfaidi ya chuma hugeuka asidi kali. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hati za kaboni ya msitu wao, na mapato yameleta maji ya bomba na kusaidia shule. Watu husikia habari hizo wakadhani kazi yote ni kupanda miche. Kumbe sehemu kubwa ya hekta 117 za mradi ni msitu wa asili usiokatwa, uliosimama juu ya tope ambalo halijaguswa.