SOMO LETU: KIGONG'OTA MDOGO NA MTI MKAVU



Siku moja, baada ya kipindi cha kisomo, mzee mmoja alinionyesha mti mkavu kando ya shamba lake. Juu yake kigong'ota mdogo alikuwa anagonga: ko-ko-ko.

"Bwana Mwalimu, ndege yule ndiye aliyeuua mti wangu. Kesho naukata."

Je, mzee alisema kweli? Hebu tujifunze.

Ni ndege gani?

Vigong'ota wako wa aina nyingi. Huyu ni mdogo sana. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, yaani nusu ya rula ya shule. Uzito wake ni gramu 20 hadi 35. Haufikii yai la kuku. Dume ana wekundu utosini, jike hana. Wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Anapatikana tangu Senegali hadi Ethiopia, na kusini hadi Afrika Kusini. Hapa kwetu yumo katika misitu mikavu ya miyombo na kwenye migunga.

Chakula chake

Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, basi hushika gome barabara. Mkia wake mgumu humwegemeza. Hutoboa kwa mdomo, kisha huvuta wadudu kwa ulimi mrefu. Hula mabuu ya mbawakawa, viwavi na sisimizi. Hata mabua makavu ya mahindi huyatoboa akitafuta funza.

Sasa jibu tunalo. Mti ulikufa kwanza, wadudu wakaingia, ndipo ndege akafuata chakula. Yeye si mwuaji.

Nyumba yake

Mdomo mdogo hauwezi mti mbichi ulio mgumu. Kwa hiyo dume na jike huchimba shimo katika mti au tawi lililokufa. Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida 2 au 3. Wote wawili huatamia kwa zamu, siku 12 hivi. Makinda hukaa shimoni karibu wiki 4. Wakishahama, shomoro na ndege wengine wasioweza kuchimba huingia humo. Ukiukata mti huo, umebomoa nyumba ya wengi.

Tufanye nini?

Kuni tunazihitaji, hilo halina ubishi. Lakini tuokote kwanza zilizoanguka. Mti mkavu wenye shimo, kama hauwezi kuangukia nyumba wala njia, tuuache usimame.

Yule mzee aliuacha wake, akakata matawi ya chini tu. Msimu uliofuata aliniita mwenyewe nikasikilize makinda yakilia ndani.

Maswali

1. Kwa nini kigong'ota mdogo huchagua mti uliokufa?
2. Nani hutumia shimo lake akishahama?
3. Tafuta mti mkavu kijijini kwako. Utazame asubuhi, uandike ndege uliowaona. Mwambie na jirani yako.