SOMO LA AFYA: MZANI WA PILI KATIKA TIBA YA MIONZI



Sisi wa mashamba ya chai tunaujua mzani wa karani. Miaka mingi nilichuma chai katika shamba moja, na kila jioni kilo zangu zilikuwa chache kuliko mzigo ulivyonilemea mgongoni. Siku kamati yetu ilipoleta mzani wa pili, kilo zikaongezeka. Somo la leo linahusu mzani wa namna hiyo, ila kinachopimwa ni mionzi inayoingia mwilini mwa mama mwenye saratani ya titi.

Mionzi hiyo hupimwa kwa grei, na hutolewa kidogo kidogo, mara nyingi baada ya operesheni. Zamani ilikuwa grei 50 kwa siku 25. Siku hizi hospitali nyingi hutoa grei 40 kwa siku 15. Ikipungua, saratani yaweza kurudi. Ikizidi, ngozi huungua, na nyuma ya titi kuna pafu, na upande wa kushoto kuna moyo.

Mashine ina kihesabu chake, na hesabu ikitimia hujizima. Je, kihesabu kikiharibika? Tarehe 27 Februari 2001, katika hospitali ya saratani ya mji wa Białystok, nchini Polandi, umeme ulikatika tiba ikiendelea. Uliporudi, mashine ikawashwa na kazi ikaendelea. Kumbe fyuzi ya kihesabu imeungua, na kifaa cha kuizuia mashine katika hali kama hiyo nacho ni kibovu. Akina mama watano, wote wagonjwa wa saratani ya titi, walipata mionzi kupita kiasi na wote wakapata majeraha. Kazi ilisimamishwa kwa sababu wagonjwa wenyewe walilalamika kwamba wanawashwa na kuungua.

Mzani wa pili hubandikwa kwenye ngozi. Mmoja ni dayodi, kidude chenye waya. Namba yake husomwa papo hapo chumba cha nje. Mwingine ni vipande vya litiamu floraidi, vidogo kuliko ukucha, visivyo na waya. Baadaye hupashwa moto maabara navyo hutoa mwanga. Mwanga mwingi, mionzi mingi. Jibu huchelewa, lakini vyaweza kuwekwa hata kwenye titi la pili, lisilotakiwa kupata mionzi. Haviumi. Kipimo kikitofautiana na hesabu ya daktari kwa zaidi ya kama asilimia 5, sababu hutafutwa: pengine mgonjwa hakulala sawasawa, pengine amekonda.

Kweli, dayodi haimwokoi mgonjwa wa kwanza. Humwokoa wa pili. Hata hivyo ziko hospitali zinazopima mashine peke yake, na mgonjwa hapimwi.

Basi mwenye mke au dada anayeanza tiba hii aulize: mionzi inayomfikia yeye hupimwaje? Na mgonjwa ajue kwamba tiba hii haisikiki mwilini wakati inapotolewa. Akisikia moto, apige kelele. Yuko peke yake chumbani, lakini wahudumu wanamwona na kumsikia kutoka nje.