CAN Isubiri Udongo Upumue

Mvua ya masika ikishanyesha siku tatu mfululizo, sukuma wiki za Njiru, Ruai na Mihang'o huanza kugeuka manjano, na wenyewe hukimbilia agroveti kupimiwa kilo mbili tatu za mbolea ya CAN. Wakirudi wanaimwaga juu ya tope. Usiku mvua inashuka tena, pesa inakwenda na maji, na manjano yako palepale.

Sehemu kubwa ya Eastlands ya Nairobi, kuanzia Embakasi na Kayole hadi kule Ruai, ina ule udongo mweusi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ukilowa kupita kiasi, hewa huisha ndani yake, na mizizi isiyopata hewa haifyonzi chakula hata kiwe tele. Isitoshe, vijidudu vya udongoni vikikosa hewa hujitafutia oksijeni kwenye naitreti ya CAN, na nitrojeni uliyoinunua hugeuka gesi ikapaa. Inayobaki huzama chini au husombwa hadi mtaroni. Kwa hiyo anza na jembe. Fungua mitaro, inua matuta, kisha ungoje siku mbili tatu mpaka konzi ya udongo ivunjike mkononi badala ya kunata. Mara nyingi kijani hurudi chenyewe. Kisiporudi, hapo ndipo utie CAN.

Lakini kwanza chunguza hayo manjano yameanzia wapi. Njaa ya nitrojeni huanza na majani ya chini, na jani zima hupauka sawasawa, kwa sababu mmea huvuta chakula kutoka kwa majani makuukuu na kuyapa machanga. Manjano yanayoingia kutoka ukingoni mwa jani kwa umbo la V, mishipa ikiwa imegeuka myeusi, ni uozo mweusi. Huo ni ugonjwa wa bakteria na hakuna CAN itakayouponya. Ng'oa mmea huo, usiutupe karibu na shamba, na msimu ujao panda pale maharagwe au kitunguu, si kabichi wala sukuma.

Sasa ratiba. Siku ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, usiipe CAN kabisa. Mizizi imekatika na haina uwezo wa kuitumia. Samadi iliyooza vizuri pamoja na mbolea ya kupandia zinatosha. Ngoja wiki mbili hadi tatu, mpaka uone majani mapya yamechipuka na mche umesimama imara. Hapo kila mche upate kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, ukizungushia mbali kidogo na shina, kiasi cha upana wa kiganja, kisha ufukie. Punje zikiangukia moyoni mwa mmea zinauunguza. Baada ya hapo rudia kila wiki tatu au nne, na kila mara vuna kwanza ndipo utie mbolea, ili chakula kiende kwenye majani yanayokuja.

Kabichi ina masharti yake. Kizibo kimoja wiki ya tatu, viwili majani ya ndani yanapoanza kujikunja, basi. Anayeendelea kuimwagia CAN baada ya kichwa kufunga hupata kabichi laini inayopasuka mvua ikizidi, na mama mboga hainunui.

Wengine wanapenda urea kwa kuwa ina nitrojeni asilimia 46, wakati CAN ina kama 26. Ni kweli, ila urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, jua likiwaka, sehemu yake hupotea hewani ikiwa amonia. Ukiitumia, punguza iwe nusu kizibo na uifukie papo hapo. Kwa shamba dogo la mtaani mimi nachagua CAN, nayo ina chokaa ndani.

Wenye magunia ya mboga kwenye vibaraza na paa za Umoja na Kariobangi wasifuate ratiba ya shambani. Gunia humwagiliwa karibu kila siku na kila maji yakipita yanaondoka na nitrojeni. Toa kidogo kidogo: vizibo viwili katika ndoo ya lita 10, mara moja kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari umelowa. Machicha yanayobaki chini ya ndoo si dalili ya mbolea ghushi; ni ile chokaa.

Kwa wanaolima kandokando ya Mto Nairobi na Mto Ngong na kunyunyizia maji ya mto, sina ushauri wa mbolea. Maji yale yamebeba uchafu wa vyoo, na nitrojeni imo tayari. Ukiongeza CAN, sukuma hunenepa, jani likawa laini, na vidukari hujaa chini yake. Tena nitrojeni ndiyo shida ndogo. Mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa jirani na jaa la Dandora, kando ya Mto Nairobi, na hata katika damu ya watoto wa hapo. Sukuma iliyostawi kijani kibichi haimwambii mlaji ilinyweshwa nini.

Jambo la mwisho ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi hupata mawingu mengi na jua kidogo, mboga hukua polepole na naitreti isiyotumika hulala ndani ya majani. Miezi hiyo ongeza nafasi kati ya mbolea na mbolea, iwe wiki tano au sita. Na kabla ya vuli ya Oktoba, peleka udongo wako ukapimwe kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete. Chota kutoka sehemu kadhaa za shamba, changanya, na usichote mahali ulipotia mbolea juzi.