Kabla ya Kulaumu Ziwa, Kagua Wavu Wako



Ukipita asubuhi ufuoni mwa ziwa kule Mbita au Homa Bay, utawakuta wavuvi wakikagua nyavu. Wanautandaza wavu, wanaupitisha mikononi polepole wakitafuta matundu, na wakiliona tundu wanalishona. Mvuvi asiyekagua wavu wake hurudi na mashua tupu, kisha hulaumu ziwa kwamba halina samaki. Katika ndoa, wengi wetu tunalaumu ziwa.

Jimbo letu la Homa Bay, lililotengwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, limeenea katika kaunti za Homa Bay na Migori. Kama katekista nimekaa na waume na wake wengi wenye ugomvi katika pande zote mbili. Jambo moja nimeliona karibu kila mara: mume anayajua makosa ya mke mpaka tarehe zake, na mke vivyo hivyo. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Na wewe je, ulikosa wapi?" atajibu, "Hata mimi si malaika," kisha ataendelea na habari za mwenzake. Ndiyo maana wahenga walisema nyani haoni kundule.

Yaliyonipata mimi

Nami sikuwa tofauti. Mwaka mmoja nililipwa pesa za miwa, nisimwambie mama watoto kiasi kamili. Sehemu niliiacha kwenye simu, nikamsaidia ndugu yangu kununua pikipiki. Wakati wa karo ulipofika, yeye ndiye aliyehangaika kuuza omena sokoni, na zilipopungua akakopa katika chama chake. Siku nilipoujua mkopo ule niliwaka. "Mama Akinyi, kwa nini unafanya mambo kwa siri katika nyumba hii?" Hakunijibu. Kimya hicho kilikaa nyumbani mwetu wiki mbili.

Jumamosi moja katika siku hizo nilikuwa kanisani nikiwafundisha wachumba kwamba mume na mke hawafichani. Kesho yake, katika Misa, tukafika kwenye sala ya Nakuungamia. Nilipopiga kifua nilitambua kwamba katika sala hiyo hakuna nafasi ya kumtaja mke wangu. Kila mtu anaungama yake mwenyewe. Na katika nyumba yetu, aliyeanza kuficha ni mimi.

Jioni nilimweleza yote: kiasi cha pesa, pikipiki, na kwamba nilimfokea ili siri yangu isionekane. Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Alisema tu, "Baba Akinyi, nimekusikia." Kuniamini tena kulikuja polepole, mwezi baada ya mwezi, nilipokuwa nikimwonyesha pesa zilizoingia bila kungoja kuulizwa.

Someni pamoja habari za Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani alipomsimulia juu ya tajiri aliyenyang'anya kondoo wa maskini, Daudi aliwaka kwa hasira, bila kutambua kwamba mtu huyo ni yeye. Mara nyingi kosa linalotuudhi sana kwa mwenzetu ni lile tunalolificha sisi wenyewe.

Namna ya kujichunguza

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari wa Kihispania. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona, na katika miezi ya kuugua akaanza kuutazama moyo wake. Kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo alifundisha njia ya hatua tano ambayo hata mkulima au mama wa sokoni anaweza kuifuata kwa dakika kumi kabla ya kulala:

1. Mshukuru Mungu kwa mema ya siku hiyo, na hasa kwa jema moja alilokutendea mwenzako.
2. Omba mwanga. Peke yetu tunaona tunayotaka kuyaona.
3. Pitia siku yako tangu asubuhi: mawazo, maneno, matendo, na yale uliyopaswa kutenda ukayaacha.
4. Omba msamaha kwa Mungu. Kama ulimkosea mwenzako, mwendee naye.
5. Kusudia jambo moja la kesho. Usiseme, "Nitakuwa mume mwema." Sema, "Kesho nitamwambia bei niliyouzia mahindi."

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya sakramenti ya Kitubio. Yanatuandaa kuipokea vizuri.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, usimchunguze mwenzako badala ya kujichunguza. Kila mtu akague wavu wake.

Pili, usijitetee. Ukisema, "Nilikosa, lakini wewe ndiwe uliyeanza," hujaungama bado.

Tatu, usijidharau. Anayesema kila siku, "Mimi ni mbaya tu," hubaki pale pale. Taja kosa, litengeneze, kisha uendelee na safari.

Nne, na hili lisikike vizuri: anayepigwa nyumbani asijiulize amekosa nini hata akapigwa. Kosa ni la anayepiga. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mwone padre, wazee wa jumuiya unaowaamini, chifu au polisi. Kujichunguza kwako kusiwe kifuniko cha dhambi ya mwingine.

Maswali ya kutafakari

Kila mmoja ajibu kwanza peke yake, kimya. Kisha, mkiwa na amani, mzungumze.

1. Ni jambo gani ambalo sipendi mwenzangu aniulize? Kwa nini?
2. Ni kosa gani ninalomlaumu nalo, nami ninalo?
3. Mara ya mwisho kumwomba msamaha bila kuongeza "lakini" ilikuwa lini?
4. Watoto wetu wanajifunza nini wanaponisikia nikizungumza na mama yao, au na baba yao?

Hayati Papa Fransisko alipenda kuzikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante, samahani. La tatu ndilo zito zaidi ulimini, na haliwezi kutoka kwa ukweli kama hatujajitazama kwanza. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, mmoja wenu aanze. Wala msibishane ni nani.

Mungu aibariki nyumba yenu.