Kutazama Bila Kupeleleza: Somo Nililolipata Bombani Nakivale



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nakivale nikiwa na kazi ya darasani. Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti alitutaka kila mmoja achague mahali pa wazi, akae hapo saa kadhaa kwa siku kadhaa, na aandike namna watu wanavyotendeana: nani anaanza salamu, nani anampisha nani, nani anakaa karibu na nani. Hakuna dodoso wala mahojiano. Ni macho, masikio na daftari.

Nilichagua bomba la maji. Asubuhi ya pili mama mmoja mtu mzima alikuja akasimama mbele yangu na jerikeni yake tupu. "Mutoto yangu, uko naandika nini?" aliniuliza kwa Kiswahili cha Kongo. Nikamwambia ni kazi ya shule, Mama. Akalitazama daftari, akauliza tena: "Jina yangu iko mule?" Nikasema hapana. Hakuridhika. Alikwenda kukaa upande wa pili akanipa mgongo, na wenzake wawili wakamfuata.

Barua ya ruhusa nilikuwa nayo mfukoni. Lakini barua ile ilitoka ofisini. Mama yule hakuwa amenipa ruhusa yoyote. Siku ile sikuandika tena. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: hivi mimi ninatazama, au ninapeleleza? Makala hii ni jaribio la kujibu swali hilo, kwa faida yangu na ya kila mwanafunzi wa Kiislamu atakayepewa kazi kama hii.

MBINU YENYEWE NA WALIOTUTANGULIA

Mbinu hii inatokana na jambo ambalo sote tunalijua: mtu hafanyi kila anachosema. Muulize kijana kwenye dodoso kama anawaheshimu wazee, atajibu ndiyo. Kaa bombani saa tatu, utaona ni mara ngapi mzee amepishwa, na nani aliyempisha.

Mwanasosholojia Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuhusu mwenendo wa watu mahali pa umma. Alionyesha kwamba hata watu wasiojuana wanapopishana njiani wana adabu yao: hutupiana jicho kidogo, kisha kila mmoja huondoa macho ili asimkere mwenzake. Mmarekani William H. Whyte naye alikaa na wasaidizi wake katika viwanja vya New York, wakihesabu nani anakaa wapi na kwa muda gani, akachapisha matokeo mwaka 1980. Aligundua, kwa mfano, kwamba watu wanaosimama kuzungumza hawajitengi pembeni. Husimama palepale penye msongamano. Pita High Street ya Mbarara jioni uone kama ni New York peke yake.

Lakini tusidhani elimu hii imeanzia huko. Al-Biruni alipoandika kuhusu watu wa India, karibu mwaka 1030, alijifunza kwanza Kisanskriti ili asiwahukumu kwa lugha asiyoijua. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jambo lililofanyika mbele ya macho yake: chombo kikitia nanga, vijana wa mji huenda na sahani za chakula, na mfanyabiashara anayepewa sahani huwa mgeni wa kijana yule. Kwa desturi hiyo moja tunajifunza biashara, ukarimu na uaminifu wa mji ule.

KWA NINI DAFTARI LINATISHA NAKIVALE

Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Karibu kila mtu mzima anayeteka maji pale amewahi kuandikwa: mpakani, kwenye usajili, kwenye uhakiki, kwenye mgao. Kalamu inayotembea karibu yake inaweza kuleta chakula, na inaweza kukiondoa.

Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), baada ya fedha kupungua, lilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na hali ya kaya. Wengine walipunguziwa mgao, wengine wakaondolewa kabisa. Sasa fikiria mimi nimeandika kwamba mama fulani amekuja bombani na jerikeni sita, na mtoto wake amevaa viatu vipya. Kwangu ni taarifa ya darasani. Kwake inaweza kusomwa kama ushahidi kwamba anajiweza. Ongeza na hili: wapo waliokimbia makwao kwa sababu kuna mtu aliwatazama, akawaandika, akawataja.

AYA MOJA, HATUA TATU

Nilipokuwa natafuta jibu niliisoma tena Surat al-Hujurat. Katika aya ya 12 Allah (S.W.) anatukataza mambo matatu kwa mpangilio: dhana mbaya, kupelelezana (tajassus) na kusengenyana (ghiba). Nikaona kwamba mambo hayo yanagusa hatua zote za utafiti: namna ninavyotafsiri, namna ninavyokusanya, na namna ninavyoandika.

1. Dhana. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Kushoto andika ulichokiona na kukisikia tu. Kulia andika unachodhani, na kiwekee alama ya kuuliza. Wiki ya pili nilikaa Mbarara kwenye kituo cha teksi za abiria. Kushoto niliandika: kijana ameshuka kutoka gari la Nakivale akizungumza Kiswahili na mwenzake, amemgeukia kondakta akasema "Agandi", wakapatana nauli kwa Kinyankole. Kulia niliandika: anaficha ukimbizi wake? Nilipomsogelea na kumuuliza kwa adabu, alicheka. Amezaliwa Isingiro, amecheza na watoto wa Kinyankole tangu utotoni, na lugha ile ni yake. Aliyeona haya ya ukimbizi alikuwa mimi, nikamvika yeye. Kama nisingeuchora ule mstari wa katikati, dhana yangu ingeingia kwenye ripoti ikiitwa matokeo.

2. Tajassus. Kipimo cha kwanza ni mahali. Bombani, sokoni na kituoni, kila mtu anajua kwamba anaonekana. Uani kwa watu, dirishani, au kwenye mazungumzo ya simu ya jirani yako garini, hajakupa macho wala masikio yake. Kipimo cha pili ni siri. Miaka ya 1960 huko Marekani, mtafiti Laud Humphreys aliwatazama wanaume waliokutana kwa siri katika vyoo vya umma, akaandika namba za magari yao, akazitumia kupata anwani zao, na baadaye akaenda majumbani mwao akijifanya anafanya utafiti wa afya. Alichapisha kitabu mwaka 1970, na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa kisa chake kama onyo. Choo kilikuwa cha umma, naam, lakini kumfuata mtu kutoka hapo mpaka mlangoni kwake kwa hila ni upelelezi. Aliyesitiriwa na Mola wake, sisi ni nani tumfunue?

Msikiti je? Uko wazi kwa wote, lakini aliyekuja kuswali hakuja kuhesabiwa. Mimi sikufungua daftari ndani ya msikiti, nawe nakushauri usifungue.

3. Ghiba. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa sababu tunajitetea kwamba tulichoandika ni kweli. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), alifafanua kwamba ghiba ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, hata kama analo, kama hana, huo ni uzushi. Basi ukweli wa taarifa hautoshi. Usiandike jina, namba ya nyumba, wala kilema kitakachomtambulisha mtu. Katika makazi ambako kila mtu anamjua mwenzake, maneno "mjane mwenye duka la kona" ni jina kamili. Hata hivyo hatukatazwi kueleza dhuluma. Imamu an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja hali sita zinazoruhusu kumtaja mtu, mojawapo ikiwa ni kutafuta haki. Ukiona wasichana wadogo wanasukumwa nje ya foleni kila jioni, lieleze tatizo ili lirekebishwe, na uwasitiri waliohusika.

HAKI YA NJIA

Iko hadithi nyingine ambayo kila anayefanya kazi hii anapaswa kuijua. Ameipokea Abu Said al-Khudri (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Maswahaba wasikae njiani. Walipoeleza kwamba hawana mahali pengine pa kuzungumzia, akawaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuacha udhia, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hivi ndivyo nilivyoitumia:

• Kuinamisha macho: ninatazama vitendo, sitazami miili. Sipigi picha, hasa za wanawake na watoto.
• Kuacha udhia: sikai penye njia ya wenye mizigo, na mtu akionyesha kwamba hapendi kutazamwa, ninafunga daftari.
• Kujibu salamu: mtafiti anayejificha nyuma ya daftari asiitikie salamu ameshakosa. Anayeniuliza ninachofanya ninamwambia ukweli.
• Kuamrisha mema: mzee akishindwa kubeba jerikeni, ninaacha kalamu na kumsaidia. Hakuna matokeo yanayoharibika kwa kumsaidia mzee.

Pia tusisahau taratibu za nchi. Utafiti kamili, kama wa kuandikia tasnifu, unapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda (UNCST), na kwa Nakivale unahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi ya wakimbizi. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Muulize mwalimu wako kabla hujatoka.

NILIVYOMALIZA

Siku ya nne nilirudi bombani na jerikeni mbili za nyumbani. Nilipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu ya kungoja kivulini, nilimfuata yule mama, nikampa salamu, nikamwomba nimsomee nilichoandika. Nilimsomea kurasa zote mbili. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika mahali nilipoandika kwamba mwanamke mmoja alifika kwa kuchelewa akaruka foleni na hakuna aliyemkemea. Upande wa kulia nilikuwa nimeandika: watu wanamwogopa?

Mama akatikisa kichwa. Akanionyesha jiwe kwenye mstari wa jerikeni. Kumbe lile jiwe ndilo zamu ya mwanamke yule. Majirani humwekea kila alfajiri, kwa sababu wanayoijua wote pale. Aliniambia sababu yenyewe. Mimi sitaiandika hapa.

Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye jiwe lile kwa siku mbili, na sikuliona. Nilikata ule mstari mbele yake, naye akaniambia niandike mwingine. Aya inayofuata, ya 13, inatuambia kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana kuna pande mbili: nami sharti nijulikane na yule ninayemtazama.

Maswali ya kujadili katika halaka:
1. Taja mahali pa umma karibu na chuo ambapo kutazama kunaweza kugeuka tajassus. Mpaka uko wapi?
2. Chora ukurasa wenye mstari wa katikati, ukae nusu saa mahali pa wazi. Ni mangapi ya upande wa kulia yaliyothibitika ulipouliza?
3. Je, ungeweza kumsomea kila uliyemwandika yale uliyoyaandika juu yake?

Wabillahi tawfiiq.