Soma Lebo Kabla ya Kununua: Wanga na Sukari katika Chakula cha Farasi

Farasi ameumbwa kula majani kidogo kidogo kwa sehemu kubwa ya siku. Tumbo lake ni dogo, na nyuzi za majani husagwa na vijidudu vilivyomo katika utumbo mpana. Wanga na sukari hupaswa kumeng'enywa mapema, katika utumbo mwembamba. Zikizidi uwezo wake, hupitiliza hadi utumbo mpana, zikachachuka upesi na kuzalisha asidi. Matokeo yaweza kuwa msokoto wa tumbo au uvimbe mchungu ndani ya kwato, maradhi yanayoweza kumlemaza farasi au kumwua.

Viambato vya kutazama

• Mahindi, shayiri, ngano, na pumba za nafaka.
• Molasi.
• Dekstrosi, glukosi na maltodekstrini, ambazo huweza kuwamo katika virutubisho vya unga.

Maneno "bila molasi" hayamaanishi "bila wanga". Chakula hicho chaweza kujaa mahindi, ambayo takriban asilimia 70 ya uzito wake mkavu ni wanga.

Piga hesabu

Kipimo cha tahadhari ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wa farasi katika mlo mmoja. Farasi wa kilo 400 asipewe zaidi ya gramu 400. Ikiwa chakula kina asilimia 40 ya wanga, kiasi hicho kimo katika kilo 1 tu. Pima kwa mizani, si kwa kopo: kopo la mahindi ni zito kuliko kopo la shayiri.

Farasi mnene, au aliyewahi kuugua kwato, huhitaji chakula ambacho jumla ya wanga na sukari haizidi asilimia 10 hivi.

Mambo ya kuzingatia

1. Lebo isipotaja kiasi cha wanga na sukari, mwombe muuzaji akupe kwa maandishi kabla hujalipa.
2. Badilisha chakula hatua kwa hatua, kwa siku 7 hadi 14.
3. Hifadhi risiti na mfuko wenye lebo.
4. Kwato zikipata joto, au farasi akisita kutembea, ondoa nafaka na umwite daktari wa mifugo mara moja.