Kuvuka Ziwa pamoja na Watoto Wadogo

Wengi wetu tukaao Mwanza na visiwani huvuka ziwa pamoja na watoto wadogo. Yafaa tujifunze kujiandaa, kwa maana mzazi asiyejiandaa huharakishwa na kilio cha mtoto mwenye njaa, akaingia katika chombo kilichojaa.

Basi, siku moja kabla ya safari, oka mkate katika sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Chukua na maji yaliyochemshwa, kwa kuwa maji ya ziwa yasiyochemshwa huleta magonjwa ya tumbo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji ila maziwa ya mama. Mkate ni wa mama mwenyewe na wa mtoto aliyekwisha kuanza kutembea.

Kumbukeni kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Nao waliokufa walizidi 220.

Kwa hiyo, ukiona chombo kimejaa, usipande. Mwenye mkate na maji aweza kungoja. Nanyi walimu, wafundisheni wazazi neno hili kabla hawajaondoka.